Paipu ya ekzosi ya Superjet niliyoitoa Naivasha, miezi minne baadaye

Kila nikishusha jetiski pale Tudor, Mombasa, lazima mtu aniulize hiyo ekzosi umeitoa wapi, kwa hivo wacha niandike mara moja tu. Yangu ni Superjet ya Yamaha, sisi 701, ya kuendesha umesimama, tu-stroki (injini ya kuchanganya oili na petroli), ile ya kabureta mbili za Mikuni iliyoanza 1996. Kama unayo hii ya 2021 kuja huku basi hapa ushapotea njia, hizo ni fo-stroki na hesabu yake ni nyingine kabisa.

Paipu yenyewe ni B-pipe ya Factory Pipe, ya Marekani, mtumba. Nilinunua kwa jamaa anayeendesha ziwani Naivasha, akanipa pamoja na kabureta zake, ikaja na basi la usiku imeviringishwa gunia kama mbuzi. Pesa niliyotoa ningepata bodaboda iliyotumika na ya petroli ikabaki. Nyumbani nilisema ni elfu kumi.

Kwanza kuchagua. Paipu za mashine hizi ziko za maji na ziko kavu. Kavu haimwagiwi maji ndani ya tumbo lake, moshi unabaki wa moto, kwa hivo ukibonyeza mafuta mpaka mwisho inapiga yowe kweli kweli na mbio inayo, lakini chini, injini ikizunguka polepole, imelala. Sasa mimi raha yangu sio kwenda mstari mmoja, raha yangu ni kukata kona karibu na mikoko na kuruka mawimbi nje ya Nyali kusi ikishika, na hapo unataka nguvu saa hiyo hiyo unayobonyeza, sio ukishaanguka. Nikachukua ya maji na sijuti. Wa mashindano achukue kavu, ila achunge mipira yake ya kuungia, maji ya kupoza yanayopita nje yake yakiziba kidogo tu mpira unaungua na harufu yake hutaisahau.

Kitu watu hawaelewi ni kwamba ekzosi ya tu-stroki haiko pale kutoa moshi tu. Moshi ukitoka unakwenda mpaka mwisho wa lile tumbo, pale linaposinyaa unagonga, wimbi linarudi nyuma, na likiwahi linaisukuma ndani ya silinda ile petroli mbichi iliyotaka kutoroka. Ni kama makanga anayemsukuma abiria ndani kabla mlango haujafungwa, akichelewa mtu ashashuka. Na mwendo wa hilo wimbi ni joto: moshi wa moto linakimbia, moshi uliopozwa linakwenda polepole. Ndo kazi ya zile skrubu ndogo za maji juu ya paipu. Ukifungua, maji yanaingia mengi, wimbi linachelewa, paipu inakuwa kama imerefuka na nguvu inakuja chini. Ukikaza, nguvu inapanda juu kwenye mizunguko mingi. Robo ya mzunguko wa bisibisi tu unaiskia mkononi, wallahi sikutegemea.

Lakini hizo skrubu usiziguse kabla hujamaliza na kabureta, na hapa ndo nusura nizike injini. Yule muuzaji aliniambia usifungue kitu, ziko seti. Ziko seti kwake! Naivasha iko kama mita 1,880 juu ya bahari, hewa ya kule nyepesi, jeti (kile kitundu cha kabureta kinachopima petroli) hupunguzwa ndo petroli ilingane nayo. Ukileta kabureta hizo hizo Mombasa hewa ni nzito, petroli inakuwa haitoshi na injini inaungua. Mimi huyo nikafunga nikaingia majini. Dakika za kwanza tamu ajabu, inavuta kama ina wazimu, sauti imekuwa kali na kavu, nikasema hii ndo yenyewe. Kuna ankal fundi wa injini za boti alikuwa amekaa pale tunaposhushia, akaskia ile sauti akanipungia mkono nirudi. Hakusema neno, akachomoa plagi akaniwekea kiganjani. Nyeupe pe, na pale kwa ncha vidoadoa vinang'aa kama vumbi la sufuria iliyosuguliwa. Hiyo ilikuwa alumini ya pistoni yangu.

"Kijana wangu," akaniambia, "plagi nyeupe ni sanda."

Basi tukaweka jeti kubwa kupita kiasi makusudi, tukawa tunashuka saizi moja moja. Unabonyeza mpaka mwisho, unaenda wima, unazima hapo hapo ukiwa bado umebonyeza, usiiache ingurume polepole kurudi ufukweni maanake plagi itakudanganya. Unataka rangi ya halua. Ikiwa nyeusi na ina mafuta mafuta, petroli imezidi, itakohoa lakini haikuui. Oili naweka nusu lita kwa mtungi wa petroli wa lita 20. Tulimaliza siku tatu na plagi sijui ngapi.

Kuhusu chumvi, vile vitundu vya maji ni vidogo na maji yakipwa Tudor ni tope tupu, kwa hivo weka kichujio kwenye mpira wa maji, na ukitoka uioshe kwa maji matamu. Kwetu mfereji hutoka ukijiskia, nimeweka pipa juu ya banda nikashusha mpira. Na mpangilio ni huu: unawasha injini KWANZA ndo unafungua maji, ukimaliza unafunga maji kwanza ndo unazima. Binamu yangu alifungua maji huku anaongea na simu, akawasha baadaye, injini ikagoma kama imepigwa msumari. Tulipotoa plagi na kuizungusha maji yaliruka mpaka kwenye kanzu yake, na ilikuwa Ijumaa.

La mwisho ni boliti. Hii mashine inatikisika, na mimi mara ya kwanza nilifunga bila Loctite, ile gundi ya kushika nyuzi za boliti, kwa uvivu, wiki ya pili nikakuta moja imelala chini ndani ya mashine na nyingine imebakia nyuzi mbili. Sasa kila baada ya kuendesha mara mbili tatu napitisha spana.

Paipu naipa nyota tano. Muuzaji moja, na hiyo ni ya lile gunia.