Kopo la kujijazia gesi ya kiyoyozi cha gari: hozi ni nzuri, geji haitoshi

Kopo hili huuzwa likiwa na gesi aina ya R-134a, hozi fupi na geji ya rangi, pamoja na ahadi kwamba mwenye gari atarudisha ubaridi mwenyewe bila kumwendea fundi. Nimelitumia kwenye gari dogo ambalo kiyoyozi chake kilikuwa kimepungua nguvu, na kwa upande wa utengenezaji sina lawama. Kichwa cha hozi hunasa imara, hakivuji, na huingia kwenye kiungio cha shinikizo la chini tu, kwa kuwa kile cha shinikizo la juu ni kipana zaidi. Tahadhari hiyo ni ya lazima, maana kopo likiunganishwa na upande wa shinikizo la juu laweza kupasuka.

Kasoro iko kwenye geji. Maelezo yanamtaka mtumiaji awashe injini, aweke kiyoyozi kwenye ubaridi wa mwisho, kisha aongeze gesi hadi mshale ufike kwenye kijani, ilhali kiasi sahihi cha gesi hupimwa kwa uzito, na uzito huo umeandikwa kwenye kibandiko kilicho chini ya boneti. Magari madogo mengi huhitaji gramu 400 hadi 600 kwa mfumo mzima. Kopo lenyewe lina gramu 340. Gesi ikizidi, shinikizo la juu hupanda, kompresa (pampu inayosukuma gesi) huelemewa na hewa hutoka ya uvuguvugu, jambo linalomshawishi mtu aongeze tena.

Zaidi ya hayo, geji inayosoma shinikizo la upande mmoja hudanganyika kwa urahisi. Valvu ya upanuzi, yaani kijitundu kinachopitisha gesi kwenda upande wa shinikizo la chini, ikiziba, shinikizo la chini hushuka na mshale huomba gesi hata kama mfumo umejaa. Kompresa ikichoka, shinikizo hilohilo hupanda na mshale hutangaza kwamba gesi inatosha hata kama imepungua. Kidude cha kurekebisha geji kulingana na joto la nje nakisifu, lakini hakitibu udhaifu huo. (Upepo ukitoka hafifu ingawa ni wa baridi, aghalabu kilichoziba ni chujio la hewa ya ndani, na hapo kopo halina kazi.)

Gesi ya kiyoyozi haichomwi kama petroli; ikipungua haraka, kuna mahali inapovujia. Watengenezaji wanalijua hilo, ndiyo maana toleo la pili la kopo hili limetiwa dawa ya kuziba matundu, nami silipendekezi hata kidogo. Dawa hiyo hugandishwa na unyevu, hivyo inaweza kuziba hata njia nyembamba za ndani na kuharibu mashine ya fundi anayekuja kunyonya gesi baadaye.

Toleo lisilo na dawa lafaa kwa gari la zamani ambalo ubaridi wake umefifia polepole kwa miaka, mradi kopo lipimwe kwenye mizani kila baada ya kuongeza kidogo. Magari mapya mengi hutumia R-1234yf, na gesi hizo mbili hazichanganywi. Wenye magari ya umeme au ya haibridi waliache kabisa, kwa sababu kompresa za umeme huhitaji mafuta yasiyopitisha umeme, na yale ya kawaida yakiingia pamoja na gesi, hata kidogo, yanaweza kuharibu kinga ya nyaya zake.