Gereji ya pikipiki za theluji: nimelipa dola 260, kamba bado navuta mwenyewe

Jina la gereji silitaji, mji wetu mdogo na msimu wa theluji mrefu, tutakutana tu. Iko kaskazini mwa Minnesota, ukishaiacha Duluth unazidi kupanda. Wakuu, mkifika hapo na mashine ya kabureta, pitilizeni.

Mashine yangu ni mtumba wa miaka ya tisini. Tustroki, silinda mbili, kabureta mbili aina ya Mikuni, selfu haina. Unavuta kamba kama jenereta ya kinyozi. Msimu wa kwanza iliwaka kwa mvuto wa tatu na nikaipenda kuliko gari. Kosa nililifanya mwenyewe kwenye mwezi wa tatu: niliisukuma bandani na petroli yake ndani, nikaifunika turubai, nikaisahau mpaka theluji iliporudi. Petroli ya huku kwa kawaida ina ethanoli asilimia 10. Ikilala miezi inavuta unyevu, inachacha, inaacha utando kama gundi humo kwenye kabureta. Na ile jeti ndogo, inayolisha injini ikiunguruma bila resi, tundu lake hata sindano ya kushonea haipiti.

Basi asubuhi moja, nyuzi 25 chini ya sifuri, nikavuta. Nikavuta tena. Nilivuta mpaka nikavua koti, katika baridi ile. Kimya.

Nikaipakia kwenye trela. Kaunta ya gereji alikaa jamaa na simu yake, macho hakuinua. Nikamweleza vizuri kabisa: plagi zinatoka kavu. Mivuto ishirini na plagi kavu, hapo hata mwanagenzi anajua mafuta hayafiki. Nikamwambia pia nimetia kijiko cha petroli kwenye tundu la plagi, ikanguruma sekunde mbili ikazima, kwa hiyo moto wa plagi upo na kompresheni, mgandamizo wa silinda, ipo. Nusu ya kazi nilishamfanyia! Akanipandisha na kunishusha, buti mpaka kofia, akauliza: "Kwani kwenu kuna theluji?"

Mimi mtu wa Makete, kusini mwa Tanzania. Juni na Julai huko Kitulo sakitu inalala kwenye majani ya viazi, asubuhi shamba jeupe. Nimeendesha bodaboda kwenye baridi hiyo, nimepiga kiki alfajiri vidole vimekufa ganzi na abiria ananihimiza. Haya yote nilikuwa nayo mdomoni. Nikajibu, "Kidogo." Jibu langu hilo ndilo linaloniuma kuliko swali lake.

Ikakaa kwao wiki tatu, kama si nne. Ziwa likaganda kabisa, watu wakahamishia vibanda vyao vya kuvulia samaki juu ya barafu, mimi naangalia dirishani. Nikipiga simu, naambiwa wanasubiri kifaa. Kifaa gani? Hawajui. Siku ya siku nikaitwa: kusafisha kabureta mbili, plagi mpya mbili, ufundi, jumla dola 260 na senti zake. Wakaiwasha mbele yangu, mvuto wa pili ikaitika. Nikalipa huku nacheka. Sikujiuliza kwamba imelala usiku kucha ndani ya gereji yenye hita! Penye joto hata mashine mgonjwa huinuka. Wewe dai waitoe nje kwanza, ipoe mpaka chuma kinate kwenye glovu, halafu ndiyo wavute.

Kesho yake nyumbani ikakohoa mara moja, ikanyamaza.

Jirani yangu ni mzee, ukoo wake ulitoka Finland kama wengi wa pande hizi. Alikuja na chupa ya kahawa bila kuitwa, nadhani alichoka kunisikia. Tukazishusha kabureta. Ya kushoto inang'aa. Ya kulia, skrubu za bakuli, lile la mafuta chini ya kabureta, zina kutu ileile, bisibisi haijazigusa, na ndani utando wa njano umejaa. Moja! Wamesafisha moja, wakanitoza mbili! Yaani waliona nani atafungua? Huyu ambaye kwao hakuna theluji?

Tukaisafisha sisi, tukapuliza, tukapitisha uzi mmoja mwembamba wa waya kwenye jeti, polepole, maana ukilikwangua tundu umeliharibu. Tukarudisha. Nikavuta choki, nikavuta kamba. Ikakataa.

Hapa naandika kwa aibu. Mzee alikuwa ananitazama mkono. Akasema, toa hilo dole gumba kwenye resi. Mimi tangu bodaboda nimezoea: choki, resi kidogo, kiki. Kumbe kwenye hizi Mikuni choki si kifuniko cha kuziba hewa. Ni kinjia cha pembeni cha mafuta, na mafuta yake yanafyonzwa pale tu resi imefungwa kabisa. Ukiigusa, mfyonzo unalegea na choki inakuwa pambo. Nikatoa dole. Mvuto wa tatu, ikawaka, moshi ukajaa uani.

Nikakumbuka sasa. Siku ya kuichukua, jamaa wa kaunta alinitupia neno wakati natoka: "Resi usiiguse." Mimi nikalichukulia kama dharau nyingine.

Kwa hiyo nawapa nyota ngapi? Nilitaka moja, na hiyo ni kwa sababu sifuri haipo. Sasa nasema mbili, kwa lile neno la mlangoni. Lakini subiri, ningelifuataje neno la mtu ambaye hajawahi kunitazama usoni? Na kabureta ya kulia je? Labda kwa dole nje ingewaka hivyohivyo, silinda moja ikiikokota nyingine. Labda. Pesa ya mbili walichukua!

Nilirudi na picha za skrubu. Jamaa wa kaunta akaziangalia muda mrefu. Akahesabu dola 80, akaziweka mezani, akaongeza na chupa ya dawa ya kutunza petroli isichache. Samahani hakusema. Nami asante sikusema. Nyota moja na nusu.

Msimu ulipokwisha nimemwaga petroli ya mabakuli yote mawili, na dawa yao nimeitia kwenye tanki, inafanya kazi, siwezi kusema uongo. Tatizo sasa ni kamba, imechakaa karibu na kishikio, na karibu hapa wanaoiuza ni wao tu. Nimeshakwenda mara mbili. Mara zote mbili nilimwona kaunta kupitia kioo, nikageuza gari.