Ngatu yangu ya soko la Talamahu: kabla hujalipa, inyanyue uiangalie na mwanga

Nimekaa na hii ngatu, yaani kitambaa cha gome la mti kilichopondwa na kuchorwa, miezi minne ndo naandika, sikutaka kusifia kitu siku ya kwanza. Niliinunua soko la Talamahu pale Nuku'alofa, Tonga, kwa mama mmoja ambaye wala hakuwa na haraka, alinikunjulia kama vipande vitano hivi, na alivyoona nashikashika tu akaniambia inyanyue juu.

Hapo ndo nikaielewa. Nyuzi za gome la juu zinaenda huku, za chini zinakatiza kule, maana ni tabaka mbili zimebandikwa kwa wanga, na pale gome lilipotoboka kuna kiraka kidogo cha gome hilohilo, halafu vimfereji vyembamba vya ike, ile nyundo ya mbao wanayopondea. Gome lenyewe ni la ndani la hiapo, jamii ya mforosadi. Na mchoro unaanzia kwenye kupesi, yaani njiti za mnazi zilizoshonewa kwenye majani ya mkadi, wanatandika gome juu yake wanasugua na rangi ya gome la mti wa koka hadi alama inapanda yenyewe, ndo baadaye mistari inakolezwa kwa mkono. Kahawia yake imeiva kweli kweli!

Sasa angalizo, siku hizi zipo ambazo tabaka moja ni kitambaa cha kiwandani. Sio feki, wenyewe wanazitumia na zinapunguza kazi ya kuponda, ila muuzaji akwambie. Kuna duka, silitaji, waliniapia ni gome tupu, kuinua kwenye mwanga tabaka la chini laini tupu halina uzi hata mmoja, nikarudisha.

Kinachoniuma zaidi ni vile vipande vidogo vya fremu. Ngatu inaunganishwa na wanawake wengi wamekaa pande mbili za ubao mrefu, kazi hiyo ya pamoja wanaiita koka'anga, zipo zinazovuka mita 20, na ndo inayotolewa kwenye harusi na misiba. Ukiikata kama biskuti mchoro unabaki nusu, heri uongeze hela upate hata mchoro wa kupesi moja nzima.

Usiifue, maji yanaachanisha tabaka. Iviringe, iweke mbali na jua na unyevu. Yangu niliikunja wiki ya kwanza na mkunjo upo mpaka leo katikati ya mchoro. Yule mama nampa nyota 5, nikirudi naenda meza yake moja kwa moja.