Uzoefu wangu: kalenda, misale na nota za mtandaoni katika kupanga Misa parokiani kwetu Dodoma

Tumsifu Yesu Kristo. Naandika kwa walimu wa kwaya na wanakamati wa liturujia, hasa wale waliokabidhiwa kazi hii bila kuonyeshwa pa kuanzia. Nimefundisha kwaya miaka kumi na moja. Tangu Majilio yaliyopita (kipindi cha kujiandaa kwa Noeli), ulipoanza Mwaka A katika mzunguko wa miaka mitatu wa masomo ya Misa, nimekuwa pia katibu wa kamati ya liturujia katika parokia iliyo pembezoni mwa jiji la Dodoma. Tuna kwaya tatu, vigango viwili (makanisa madogo yaliyo chini ya parokia), na waamini waliotoka kila pembe ya nchi tangu Serikali ihamie huku. Misa ya kwanza wanaimba akina mama na wazee, wengi wao Wagogo. Misa ya pili wanaimba vijana, na karibu nusu yao ni watumishi waliohamishwa kutoka Dar es Salaam, Mwanza na Mbeya, kila mmoja amekuja na nyimbo za alikotoka.

Zamani tulipanga hivi: Alhamisi jioni watu wakishafika mazoezini, mwalimu anauliza, "Jamani, Jumapili tunaimba nini?" Mmoja anataja wimbo, mwingine anautaka ule wa harusi ya juzi, saa moja inapita. Masomo ya Dominika tulikuwa tunayasikia pamoja na waamini wengine, yakisomwa kanisani. Mara nyingi padre alihubiri jambo moja na sisi tukaimba jingine kabisa.

Kilichotutoa huko ni kile kijitabu kidogo cha kalenda ya liturujia kinachotoka kila mwaka. Nilikuwa nakiona sakristia tangu utotoni nikidhani ni cha mapadre. Ukikifungua kinakupa karibu kila unachohitaji kabla hujagusa wimbo wowote: rangi ya siku, kama ni sherehe, sikukuu au kumbukumbu, kama wimbo wa Utukufu unaimbwa au hauimbwi, na masomo yote kwa sura na mistari. Maandishi ni madogo na vifupisho ni vingi, ilinichukua wiki mbili kuvizoea. Tulinunua vitatu: kimoja cha msakristani, kimoja cha walimu wa kwaya, kimoja ninacho mimi. Ningeambiwa nichague kitu kimoja tu kati ya vyote nitakavyovitaja hapa, ningebaki na hiki.

Cha pili ni misale ya waamini, kitabu chenye sala na masomo ya Misa. Wengi wanayo nyumbani kwa ajili ya masomo na hawajui kwamba hazina ya mwalimu wa kwaya imo kwenye ile mistari mifupi wanayoiruka: antifona ya mwanzo na antifona ya komunyo. Hiyo ndiyo sauti ya Kanisa inayokwambia Dominika hii inaingia na neno gani na inakwenda mezani kwa Bwana na neno gani. Ukishaisoma, utafutaji wa wimbo unakuwa mwepesi, maana sasa unajua unachokitafuta.

Nitoe mfano wa Dominika ya 3 ya Kwaresima, tarehe 8 Machi 2026. Mwaka A una Injili ya mwanamke Msamaria kisimani, Yohane sura ya 4. Somo la kwanza ni Kutoka 17, watu wana kiu jangwani na Musa anaupiga mwamba. Zaburi ni ya 95, ile inayotusihi tusifanye mioyo kuwa migumu. Ikisomwa Injili hiyo, hata prefasio (sala ya shukrani kabla ya "Mtakatifu") ni ya Msamaria, na antifona ya komunyo ni yale maneno ya Yesu kuhusu maji yanayogeuka chemchemi ndani ya mtu. Kila kitu siku hiyo ni maji. Sasa mtaani kwetu maji ya bomba ni ya mgao. Hakuna mama parokiani asiyejua kuamka saa tisa usiku kujaza ndoo. Tulipoyasoma masomo hayo kwenye kikao, mama mmoja wa Misa ya kwanza alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, huyu alikwenda saa sita mchana, jua kali namna ile. Alikuwa anawakwepa wenzake." Tangu hapo hatukuhitaji tena kuambiwa wimbo wa komunyo uwe wa namna gani. Ulitakiwa uwe wa taratibu, wa mtu aliyechoka na akapewa cha kunywa.

Hapo ndipo inapoingia maktaba ya nota mtandaoni. Sitaitaja kwa jina kwa sababu nina malalamiko nayo, ila walimu wa kwaya mtaijua. Kwanza sifa zake, maana ni nyingi. Nyimbo za Kikatoliki za Kiswahili zimepangwa kwa matumizi: mwanzo, zaburi, matoleo, komunyo, shukrani. Unapakua nota bure, unaziona sauti zote nne, na watunzi wengi wameandika namba zao za simu juu ya ukurasa wa kwanza. Nimewahi kumpigia mtunzi mmoja kumuuliza mwendo wa wimbo wake. Alinielekeza kwa dakika ishirini, akaniimbia na besi kwenye simu. Mtu wa kijijini aliyekuwa anasubiri semina ya jimbo ili anakili nota kwa mkono, leo anazipata kwenye simu yake. Ni baraka kubwa, na waliojitolea kuijenga Mungu awalipe.

Malalamiko yangu ni mawili. La kwanza, ubora wa nota hautabiriki. Nilipakua wimbo wa matoleo wa kurasa nne, nikautazama juu juu, nikaenda kutoa kopi za kwaya nzima. Watu 36 mara kurasa nne ni kopi 144, kwa shilingi 100 kila moja ni 14,400. Tumekaa mazoezini, tumefika ukurasa wa tatu, besi wananyamaza. Mstari wao wa chini ulikuwa umekatwa na ukingo wa karatasi, nota zinaonekana nusu na maneno hayapo. Fedha ile ilikuwa mchango wa wanakwaya wenyewe, wengine ni wanafunzi, na iliniuma sana. Siku hizi natoa nakala moja, nakaa nayo nyumbani, naimba sauti zote nne peke yangu mpaka mwisho, ndipo naenda kutoa kopi.

La pili linahusu mapendekezo. Chini ya wimbo kumeandikwa kwamba unafaa Dominika fulani. Mara nyingine ni kweli, mara nyingine kinachofanana ni neno moja tu. Nilipokuwa natafuta nyimbo za maji kwa ajili ya ile Dominika ya Msamaria, nilipata wimbo mzuri mno, sauti zinapishana kama mawimbi, ila kiitikio chake kimejaa Aleluya. Kwaresima hatuimbi Aleluya hadi Mkesha wa Pasaka. Mwalimu mgeni angeubeba kwa kuamini pendekezo. Kwa hiyo mimi naitumia maktaba ile kama ghala: naingia nikiwa na orodha yangu mkononi, natoka na nilichokifuata.

Na hatufundishi nyimbo mpya kila wiki. Nyimbo tano mpya kwa Dominika moja, kwa hesabu ya kopi niliyoitoa hapo juu, ni zaidi ya shilingi 70,000. Tunafundisha mmoja kwa mwezi. Waamini nao wanapata nafasi ya kuuzoea wakaimba nasi.

Zaburi nataka kuizungumzia kwa kirefu, maana ndipo tulipokosea miaka yote. Tulikuwa tukiita "wimbo wa katikati" na kwa sababu ya jina hilo tuliimba wimbo wowote wa taratibu, ilimradi uko katikati ya masomo. Maelekezo ya Misale ya Kirumi, namba 61, yanasema wazi kwamba zaburi hii ni sehemu ya Liturujia ya Neno na haibadilishwi kwa wimbo mwingine tu. Ni Neno la Mungu lenyewe, na kiitikizano ni jibu la watu kwa somo walilolisikia. Niliposoma namba ile nilijisikia vibaya kwa jinsi nilivyowanyima watu haki yao. Tulianza taratibu. Kiitikizano kifupi, sauti moja, watu wote wanakishika kwa kusikia mara mbili. Mashairi anaimba mtu mmoja, kwenye mimbari. Vijana waliona haya kusimama peke yao. Aliyejitokeza ni mama mmoja wa kigangoni, hajui nota wala solfa, ila ana sauti iliyonyooka na anayatamka maneno yote hadi silabi ya mwisho. Mazoezi yake ya kwanza umeme ulikatika, tukamwangazia misale kwa tochi ya simu. Dominika ile ya Machi alipofika "leo, kama mtasikia sauti yake", kanisa zima lilimjibu bila kinanda. Nimepiga kinanda miaka mingi na sijawahi kusikia watu wa kwetu wakiimba kwa nguvu namna ile.

Kuhusu ala, namba 313 ya maelekezo yale yale inasema wakati wa Kwaresima ala zipigwe kwa kusindikiza uimbaji tu, isipokuwa Dominika ya 4, sherehe na sikukuu. Kwa hiyo biti zote za kinanda (midundo ya ngoma inayojipiga yenyewe) tulizifunga kuanzia Jumatano ya Majivu. Vijana walilalamika wiki mbili hivi, kisha wakaanza kusikilizana wao kwa wao, na tena tukagundua alto wetu walikuwa wanateleza siku zote chini ya kelele za biti.

Pasaka tulitaka kurudisha furaha kwa namna ya hapa kwetu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, namba 119, unataka muziki wa asili wa watu katika nchi za misioni uheshimiwe na upewe nafasi yake katika ibada. Na Wagogo ni watu wa muziki, hilo halihitaji shahidi. Tuna mzee mmoja anayepiga marimba, wao wanaiita ilimba, na mwingine ana zeze. Kosa letu la kwanza lilikuwa kuwaweka pamoja na kinanda. Ilimba ina mpangilio wake wa sauti, haikutengenezwa kufuata kinanda, na tulipojaribu kulazimisha kila kitu kilisikika kibovu, mzee akaonekana yeye ndiye aliyekosea. Hakukosea. Nilimwomba radhi mbele ya wote. Sasa tumetenganisha: kinanda kinanyamaza kabisa wakati wa maandamano ya matoleo, ilimba na zeze vinashika, akina mama wanajibu kwa ile namna yao ya sauti kupishana ambayo hakuna mwalimu aliyewafundisha, na watu wanapeleka mtama, karanga, alizeti na ubuyu altareni. Hakuna kitabu wala tovuti iliyotupa hilo. Nasikitika kwamba nota za namna hii ni chache sana kwenye maktaba zote nilizopitia.

Mapambo nitasema kwa kifupi. Namba 305: Kwaresima altare haipambwi kwa maua, isipokuwa siku zile zile nilizozitaja kwenye ala, na Majilio maua yawe ya kiasi. Maua yawe pembeni ya altare, si juu ya meza yake. Hili limetuokolea fedha, maana maua mabichi Dodoma ni ghali, na yale ya plastiki baada ya mwezi yanakuwa na rangi ya vumbi. Dominika ya Msamaria tuliweka mtungi mmoja wa udongo chini ya mimbari, tumeazima kwa bibi wa jumuiya ya jirani, basi. Watoto walikuwa wanauchungulia baada ya Misa kuona kama una maji. Ulikuwa nayo. Vitambaa vya altare nunueni vya pamba. Cha zambarau cha satini tulichouziwa dukani kwa bei kubwa kilipauka upande wa dirishani kabla hata ya Dominika ya Matawi.

Kwa jumla, kalenda na misale naviamini kabisa. Maktaba ya nota naipa nyota nne kati ya tano, na ile ya tano naishikilia mpaka waanze kukagua nota kabla ya kuziweka.

Sasa tunapanga Septemba. Mwaka A una Dominika tatu mfululizo zenye Injili ya shamba la mizabibu, ya 25, ya 26 na ya 27, na mwaka huu zinaangukia tarehe 20 na 27 Septemba na 4 Oktoba. Nilipowasomea kamati, baba mmoja mwenye shamba la zabibu upande wa Hombolo alisema ataleta matawi mwenyewe, na kwamba wakati huo mavuno yatakuwa yanaishia kwa hiyo tusitegemee vichala vingi. Tumekubaliana matawi yanatosha. Yule mama wa zaburi ameshaanza kuniuliza kiitikizano cha tarehe 4.