Vita vya kubuni vya 1940: vianzie baharini au angani?

Tuseme unaandika riwaya ambamo Ujerumani iliivamia Uingereza kweli mwaka 1940. Pambano la kwanza liwe wapi?

Ukianzia baharini, hesabu inakukaba. Aprili mwaka huohuo Wajerumani walipoteza manowari 10 Narvik, bandari ya Norwe, na matishari waliyokusanya ili kuvuka yalikuwa ya mitoni, mengi hayana hata injini. Mawimbi ya manowari za Waingereza zikipita kasi yangeweza kuyapindua! Riwaya inazama siku ya kwanza, labda ubadilishe kwanza yaliyotokea Narvik.

Askari wa miavuli kushukia Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza, kunasisimua zaidi. Kisiwani Krete, Ugiriki, 1941, askari wa miavuli wa Kijerumani walikamata uwanja wa ndege hivyo, ingawa kwa damu nyingi. Ningechagua hili. Ila vifaru havishuki kwa mwavuli. Meli zitahitajika tu.