Fundi wa laptop Oginga Odinga Street, Kisumu: hana haraka lakini kazi yake ni safi

Wale huuliza kila siku ni wapi Kisumu unaweza wekewa SSD (ile diski ya kasi ya kuhifadhi faili) bila kulia baadaye, kuna kaduka Oginga Odinga Street, ghorofa ya kwanza, mlangoni imeandikwa tu Computer Repairs. Nilipeleka Dell yangu ya kazi, ile unawasha unaenda kuchemsha chai, nikitaka SSD, RAM ingine (memori ya kufanyia kazi) na Windows 11, zote kwa mpigo.

Fundi akakataa. "Madam, bakapu iko wapi?" Nikatoa hadidiski ya nje, na hakuniamini kwa mdomo, aliichomeka kwa mashine yake akaniambia nifungue faili kadhaa nione kama zinafunguka kweli. Ndio sasa akazima laptop kabisa, sio kufunga kifuniko tu, akatoa chaja, akachomoa betri, akafinya batani ya pawa stima iliyobaki iishe, na kabla ya kushika RAM akagusa chuma kwanza, juu ile stima ya mwilini huioni lakini inaweza ua chipu. Kuna jamaa hapo alikuja na RAM ya DDR4 na laptop yake ni ya DDR3, hizo ni aina mbili tofauti, kale kapengo ka RAM hakalingani, akarudishiwa: ikikataa kuingia usisukume.

Kitu nilipenda sana ni vile anafanya moja moja. SSD kwanza, awashe, aache ikimbie. Halafu RAM, awashe tena. Ikigoma anajua ni gani imeleta shida. Mahali pengine nilienda kitambo walibadilisha kila kitu mara moja, mashine ikaanza kujizima, leo wanalaumu RAM kesho draiva (programu ya kuendesha vifaa vya mashine), na kila wakilaumu mimi ndio nalipa.

Windows 10 ilifika mwisho wa msaada wa kawaida 14 Oktoba 2025 so nilikuwa na presha, lakini aliangalia kwanza kama mashine inafaa. Windows 11 inataka TPM 2.0, kitu cha usalama ndani ya mashine, kumbe yangu ilikuwa nayo, imezimwa tu kwa BIOS, ile programu ya msingi inayoamsha mashine. Na hiyo BIOS hakuigusa mpaka betri ikajaa na chaja iko ndani, stima za Kisumu si unazijua. Draiva alitoa kwa tovuti ya Dell yenyewe. Nikamuuliza kuhusu Office ya kreki akacheka, ati programu inayokuomba uzime antivairasi ndio ikae, unadhani inaficha nini?

Hadidiski ya zamani alinirudishia, akaniambia nisiifute mpaka nione hii mpya imetulia.

Mabaya yapo. Kiti ni kimoja, risiti mpaka uitishe, na ukiwa na haraka mtakosana. Bei sio ya chini sana lakini anakwambia yote kabla hajashika bisibisi. Jumamosi usijaribu, foleni inafika kwa ngazi, na beba chaja yako, hana za kila aina.