Modeli ya mapafu yenye ateri nyekundu: sinunui tena duka lile (nadhani)

Miezi kadhaa iliyopita nilinunua modeli ya plastiki ya mapafu katika duka moja la vifaa vya maabara, kwa fedha ambazo shule ilizichanga kwa taabu, na mpaka leo nikiitazama juu ya kabati damu inanichemka. Kosa lake ni moja: ateri ya mapafu, yaani mshipa unaopeleka damu mapafuni kutoka moyoni, imepakwa rangi nyekundu, na vena zake, mishipa inayoirudisha damu moyoni, buluu.

Asiyefundisha Baiolojia ataona nagombania rangi. Lakini katika michoro tunayofundishia, buluu ni damu iliyopungukiwa oksijeni na nyekundu ni ile iliyokwisha kuipata, na ateri hii ndiyo inayoitoa damu upande wa kulia wa moyo, ikiwa imebeba hewa ya ukaa, na kuifikisha kwenye vifuko vya hewa, ambako mishipa myembamba mno imevizingira kama wavu na ukuta unaotenganisha hewa na damu haufiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Ukizigeuza rangi, umeigeuza kazi nzima ya mapafu.

Nilirudi dukani na risiti mkononi. Muuzaji hakuyatoa macho kwenye simu yake. "Mwalimu, ateri ni nyekundu dunia nzima," alisema, na nilipoanza kumweleza kwamba hii ya mapafu haifuati kanuni hiyo, alinikata kauli: "Hii imetoka kiwandani. Wewe umetoka wapi?" Sijawahi kujibiwa hivyo na mtu niliyemlipa.

Niseme haki: kishada cha vifuko kilichokuzwa, ambacho hubanduliwa kando, kimetengenezwa kwa ustadi kiasi kwamba wanafunzi walipokishika walielewa inawezekanaje vifuko vipatavyo milioni 300, vikitandazwa, vienee takriban mita za mraba 70, jambo ambalo kwa chaki nimelihangaikia miaka. Pafu la kulia lina sehemu tatu na la kushoto mbili, sawasawa. Hapo ningetoa nyota nne. Kwa ajili ya yule muuzaji natoa moja.

Nilikuwa nimeshanunua kopo dogo la rangi ya buluu ili niirekebishe mwenyewe, ndipo binti mmoja wa dawati la nyuma alipoweka kidole juu ya ile ateri akauliza, "Mwalimu, kama damu inafika tayari nyekundu, huko kwenye mapafu inafuata nini?" Kopo bado sijalifungua. Basi ziwe nyota mbili, na fedha za shule nazitaka zirudi.